Siku mbili za kuonja mvinyo kwenye delta ya Malagarasi: ndizi imeishinda zabibu

Nimezaliwa Hombolo, mkoani Dodoma, katika nyumba ambayo ada ya shule ililipwa kwa zabibu, na kwa miaka sita sasa nimekuwa mkazi wa Kigoma kwa sababu za kazi. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue ninapima kwa kibaba gani, kwa maana mtu aliyelelewa shambani kwenye mizabibu huwa mgumu kuridhika, na huenda mahali fulani katika tathmini hii nimekuwa mgumu kupita kiasi. Tangazo lililonivuta lilisambazwa katika kundi la simu la wafanyakazi wenzangu mwanzoni mwa Julai, likiwaalika watu kwenye wikendi ya kuonja mvinyo katika "eneo jipya la mvinyo la delta", siku mbili na usiku mmoja, kwa shilingi 180,000 kwa kila mgeni, usafiri, malazi na chakula vikiwa ndani yake. Neno "eneo" lilinichekesha kidogo, kwa kuwa kilichokuwapo ni shamba moja na nyumba moja, lakini nilijiandikisha siku hiyohiyo.

Jina la nyumba nimeliacha kwa makusudi. Nitasema mazuri na nitasema mabaya, mradi wenyewe bado mchanga, na wenyeji wake ni watu wa heshima ambao wakiyasoma haya watajitambua bila kutajwa.

Tulikuwa wageni tisa. Tuliondoka Mwanga, hapa mjini Kigoma, saa mbili asubuhi ya Jumamosi kwa Noah mbili, tukashika njia ya Simbo kuelekea Ilagala, na kwa kuwa ilikuwa kiangazi, vumbi lilitufanya wote tuwe wa rangi moja kabla ya saa nne. Gari letu lilipata pancha na gurudumu la akiba halikuwa na upepo, jambo ambalo dereva alilitolea maelezo marefu na sisi tukalitolea maelezo mafupi. Tulifika saa saba badala ya saa tano, na kipindi cha kwanza, ambacho kilikuwa matembezi ya shambani, kikafanyika jua likiwa utosini.

Mahali penyewe ni pazuri kuliko nilivyotarajia. Malagarasi ni mto wenye bonde kubwa kuliko mto mwingine wowote unaoingia Ziwa Tanganyika. Huanzia kwenye vilima vya mpakani na Burundi, ukazunguka kwa mbali kana kwamba umesahau unakokwenda, kisha ukageukia magharibi, ukapita Uvinza kwenye chumvi, na hatimaye kujimwaga ziwani kusini mwa mji wa Kigoma kwa matawi yanayopita katikati ya mafunjo na matete. Nyumba imejengwa kwenye mwinuko mdogo, mbali kidogo na kijiji, chini ya miembe mikubwa, na kutoka barazani unaona utando wa kijani wa delta na nyuma yake ziwa lenyewe, ambalo saa za jioni hubadilika rangi mara nyingi kiasi kwamba mtu anaweza kumaliza glasi nzima bila kukumbuka ameonja nini.

Mwenyeji ni mzee mstaafu aliyepita miaka sitini, na mke wake, ambaye sote tulimwita Mama, ndiye tuliyekuja kumgundua baadaye kuwa mwenye kazi hasa. Mzee alitukaribisha barazani kwa maelezo ya karibu saa nzima, na lazima nikiri kwamba kati ya maelezo ya aina hiyo niliyowahi kuyasikia, haya yalikuwa na mambo ndani yake. Alianza Misri, akaeleza kwamba mitungi ya mvinyo iliyokutwa katika kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa mwaka 1922, ilikuwa imeandikwa mwaka wa mavuno, shamba na jina la msimamizi wake, na kwamba mingi ilitaja mashamba ya tawi la magharibi la mto Nile, yaani deltani. Kisha akahamia California, ambako alikwenda kumtembelea binti yake, na huko akapelekwa Clarksburg, kusini mwa mji wa Sacramento, ndani ya delta ya mito ya Sacramento na San Joaquin. Eneo hilo lilitambuliwa rasmi kuwa eneo la mvinyo mwaka 1984, sifa yake kubwa ni zabibu za Chenin Blanc na Petite Sirah, na kiwanda cha zamani cha sukari ya viazisukari kimegeuzwa kuwa nyumba ya kuonjea mvinyo wa wazalishaji kadhaa. Mzee alisimama kwenye sakafu ya kiwanda hicho akiwa na glasi mkononi, akajiambia kwamba hata sisi tuna delta. Aliporudi nyumbani aliagiza pingili za zabibu aina ya Makutupora nyekundu kutoka Dodoma, akapanda mashina yapatayo mia mbili, na huu ni mwaka wa tatu.

Nilimpenda mzee huyu tangu alipoanza kuzungumza, na kwa sababu hiyo matembezi ya shambani yaliniumiza. Mizabibu ilikuwa imenawiri kupita kiasi. Mtu asiyeijua angesema shamba limestawi, maana majani yalikuwa mapana, matawi marefu yaliyorukia waya wa jirani, na kivuli chini yake kilitosha kulaza ng'ombe; lakini mzabibu ulioshiba maji na mboji hauna haraka ya kuzaa matunda mazuri, hujishughulisha na majani, na matunda machache yanayopatikana hukosa jua, yakabaki na uchachu wa kijani. Nilichimba kidogo kwa kijiti pembezoni mwa mstari, na kabla kiwiko hakijaingia shimoni udongo ulikuwa tayari umelowa, tena katika mwezi wa Julai. Kwetu Dodoma mambo ni kinyume chake. Mvua ni chache, udongo ni wa kichanga, na mkulima huvuna mara mbili kwa mwaka kwa kuwa ni yeye anayeamua, kwa mkasi wake wa kupogolea, lini mzabibu ulale na lini uamke. Ukame unaomchosha mkulima wa mtama ndio unaomlisha mkulima wa zabibu.

Hapo ndipo mfano wa Clarksburg unapomponza mzee. Delta ile ina udongo mzito na maji ya karibu kama hii, lakini kiangazi chake ni cha miezi mingi bila tone la mvua, mashamba yamezungushiwa matuta makubwa ya kuzuia mto, mizabibu hulala kweli wakati wa baridi, na kila jioni upepo wa baridi hupenya kutoka upande wa ghuba ya San Francisco na kuzipoza zabibu zisipoteze uchachu wake. Kigoma mvua huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi mwezi wa nne au wa tano, joto la usiku halishuki vya kutosha, na unyevu huleta magonjwa ya ukungu, ubwiri unga na ubwiri vinyoya, kwenye majani. Niliviona vyote viwili, na nilipomwuliza mzee anatumia nini, akanijibu bila kuficha kwamba anapulizia mrututu na chokaa, "kama wanavyofanya wenzetu kote duniani". Ni kweli wanafanya. Ila mrututu ni shaba, shaba haiozi, na mita chache chini ya mstari wa mwisho wa mizabibu kuna mafunjo ambamo samaki huzaliana. Maeneo oevu ya Malagarasi na Muyovozi, huko juu ya mto, yaliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Ramsar, ile ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa, yakiwa ya kwanza nchini mwetu kupata heshima hiyo, na sioni kwa nini mdomo wa mto huohuo usihurumiwe. Nilimwambia hivyo kwa adabu. Alinisikiliza, akavua kofia, akaivaa tena.

Kuonja kulianza saa kumi na moja jioni. Tulikaa kwenye meza ndefu chini ya mwembe, na vinywaji vilikuwa saba, kila kimoja kikiletwa na maelezo yake. Hapa nitoe lawama mbili kabla ya sifa. Ya kwanza ni glasi. Kila mgeni alipewa glasi moja ya kioo, nzuri kabisa, lakini ilisuuzwa kwa maji ya ndoo ileile tangu kinywaji cha kwanza hadi cha mwisho, na kufikia cha nne ndoo yenyewe ilikuwa na rangi ya rosela. Ya pili ni kipimo. Tulimiminiwa karibu robo tatu ya glasi kila mara, hakukuwa na chombo cha kutemea, na kwa hiyo mtu aliyefuata utaratibu kwa uaminifu alikuwa amekwisha kulewa kabla hajafika kwenye kinywaji kilichostahili kuonjwa kwa utulivu. Nilipomweleza Mama kwamba waonjaji wa mvinyo hutema, alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Mwanangu," alisema, "mtu akitema kinywaji changu mbele yangu, mimi nitajuaje kama kimempendeza?"

Sikuwa na jibu, na bado sina. Kumtemea mwenyeji kinywaji chake mezani ni jambo ambalo mimi mwenyewe nisingethubutu kulifanya nyumbani kwa wazazi wangu. Lakini kipimo kinaweza kupunguzwa bila mtu kuvunjiwa heshima, na maji safi ya kusuuzia si gharama mahali palipo na mto mzima.

Mvinyo wa zabibu wa mzee ulitangulia. Aliuweka kando ya chupa mbili za Dodoma alizozinunua mjini, moja ya mvinyo mwekundu mkavu na nyingine ya mtamu, akitaka tulinganishe, na ujasiri huo ninausifu ingawa haukumsaidia. Mvinyo wake ulikuwa na rangi hafifu, kama maji yaliyooshewa sufuria ya maharage mekundu. Harufu yake ilikuwa ya majani mabichi, na nyuma yake kulikuwa na dalili ya siki ambayo hutokea hewa inapoingia kwenye chombo ambacho hakikujazwa. Mdomoni ulikuwa mwepesi na wenye uchachu mkali usio na kitu cha kuushika. Aliniambia, baada ya kumwuliza mara mbili, kwamba alivuna mapema kwa sababu mvua zilimkaribia na ndege walikuwa wakimsaidia kuvuna, kisha akaongeza sukari ya dukani ili hamira ipate cha kufanyia kazi. Matokeo yake ni kilevi kipo na ladha haipo. Mvinyo mkavu wa Dodoma, uliomiminwa baada yake, nao haukuwa wa ajabu, na kwa kuwa chupa ilikaa juani ulikuwa na uvuguvugu wa chai iliyosahauliwa. Hata hivyo ulikuwa mzito, ulikausha ufizi namna inayopaswa, na kila mtu mezani alijua kilichotokea bila mtu yeyote kusema.

Mvinyo wa nanasi ulifuata, mtamu hadi meno yakalalamika, na wa rosela, wenye rangi nzuri kuliko vyote na ladha ya sharubati iliyopata ajali. Nisiwachoshe.

Kisha Mama akaleta ndizi.

Mimi sikuwa na matumaini. Pombe ya ndizi ninaijua kama wengi wanavyoijua, nzito, yenye mashapo, ya kunywewa siku ileile, na mvinyo wa ndizi wa viwandani ninaujua kama kinywaji kitamu cha bei nafuu kinachonywewa kwa haraka. Kilichomiminwa kwenye glasi yangu kilikuwa kimetakata, rangi ya dhahabu iliyokoza, na harufu yake haikuwa ya ndizi mbivu moja kwa moja bali ya kitu kati ya ndizi, karafuu na ganda la mkate lililotoka jikoni. Mdomoni kilikuwa kikavu kabisa. Hakikuwa na utamu uliobaki, kilikuwa na uchachu wa kiasi uliofanya mate yatoke, na baada ya kumeza, ladha ilibaki kwa muda mrefu ikipungua polepole. Niliomba nisuuze glasi kwa maji ya chupa yangu mwenyewe, nikaomba tena, na nikaacha kuandika kwa dakika kadhaa.

Nilimfuata Mama jikoni kuuliza namna anavyofanya, naye alinionyesha kila kitu kwa furaha ya mtu ambaye hakuna aliyemwuliza kwa muda mrefu. Ndizi huvundikwa hadi maganda yaanze madoa, zinamenywa na kukamuliwa kwa majani makavu kama walivyofanya mama zake, na maji yake huchujwa kwa kitambaa. Hadi hapo ni kazi ya zamani. Kinachofuata ni chake mwenyewe. Huyachemsha maji hayo kidogo na kuyaacha yapoe usiku kucha ili uchafu utuame, hutia hamira ya kununua badala ya kutegemea iliyoko hewani, na huyaweka kwenye mapipa ya plastiki ya chakula yenye mpira mwembamba unaotoka juu ya kifuniko na kuishia ndani ya chupa ya maji, ili gesi itoke na hewa isiingie. Povu likikoma, huhamishia kinywaji kwenye chombo kingine na kuacha mashapo nyuma, na hufanya hivyo mara tatu ndani ya miezi sita. Nilimwuliza alijifunza wapi habari ya mpira na chupa ya maji. Alisema aliiona kwa mzee, aliporudi kutoka Marekani na kutaka kuitumia kwenye zabibu, "lakini zabibu zilikuwa chache, mapipa yakabaki matupu".

Naiona sentensi hiyo kuwa historia nzima ya nyumba ile.

Chakula cha usiku kilithibitisha nilichokishuku. Tuliletewa migebuka waliopikwa kwenye mchuzi wa mawese, dagaa wa kukaanga, ugali wa muhogo na pilipili iliyopondwa na ndimu. Mawese ni mtihani kwa kinywaji chochote: mafuta yake yanafunika ulimi wote, na mvinyo mwekundu wenye ukakasi ukikutana na samaki huweza kuacha ladha ya chuma. Nilijaribu kwa makusudi na mvinyo mkavu wa Dodoma, ukashindwa. Mvinyo wa ndizi wa Mama ulipita katikati ya mafuta yale, ukayasafisha, ukaacha samaki peke yake ulimini, na tonge lililofuata likawa kama la kwanza. Mhasibu mmoja wa kundi letu, mwenyeji wa Ujiji ambaye kwa kawaida hasemi zaidi ya anachoulizwa, alisema kwa sauti kwamba kumbe samaki huyu alikuwa akisubiri mwenzake. Nimekula migebuka kwa miaka sita na sijawahi kuwaza kwamba kuna kinywaji kilichozaliwa kwenye udongo uleule wa michikichi na migomba kinachoweza kukaa naye mezani kwa usawa.

Cha mwisho kilikuwa cha asali. Tumezoea wanzuki ya haraka, ambayo hunywewa ndani ya siku chache ikiwa bado inachemka na ikiwa na utamu uliofichua kwamba kazi haijaisha. Mama ana ya namna mbili, zote za asali ya nyuki wakubwa kutoka kwenye mizinga ya magogo katika misitu ya miombo ya upande wa Uvinza. Moja huikatisha mapema ibaki tamu, na kwa maoni yangu inatosha kijiko kimoja. Nyingine ilikuwa na miezi kumi na minne. Asali, alinieleza, ni chakula kizuri kwa watu lakini si kizuri kwa hamira, huifanya ichoke njiani na kutoa harufu mbaya, na yeye aligundua kwamba akitia maji ya ndizi kidogo mwanzoni, hamira hufika mwisho wa safari. Ni kweli kabisa, kwa kuwa asali ina sukari nyingi na ina upungufu wa virutubisho vingine ambavyo hamira huvihitaji, na watengenezaji wengi wa nchi nyingine huvinunua dukani vikiwa unga. Kinywaji hicho kilikuwa kikavu, chenye harufu ya maua na nta, kikiwa na uchungu mdogo mwishoni ambao asali ya miombo huwa nao. Kwa mpangilio wangu kilikuwa cha pili baada ya ndizi, ingawa wageni wanne kati ya tisa walikiweka cha kwanza, na tulibishana hadi taa ya sola ikafifia.

Kuna jambo la haki ambalo siwezi kuliruka. Kigoma na Ujiji ni miji ya Waislamu wengi, na katika kundi letu alikuwemo dada mmoja asiyekunywa kilevi ambaye alikuja kwa ajili ya ndege, ziwa na mapumziko, na alieleza hivyo wakati wa kujiandikisha. Wenyeji walimtendea kwa heshima kubwa. Vyombo vyake vilikuwa kando, aliletewa maji ya ndizi yaliyokamuliwa asubuhi ileile kabla hayajatiwa hamira, ambayo sote tuliishia kumwomba, na alielekezwa mahali pa kusalia bila kuuliza. Lakini alilipa shilingi 180,000 kamili kama sisi tuliokunywa vinywaji saba. Bei ya asiyekunywa lazima iwe tofauti, na iandikwe kwenye tangazo.

Malazi sina mengi ya kusema. Vyumba ni vitano, safi, vyenye vyandarua visivyotoboka, choo ni cha nje, na usiku viboko hukoroma karibu kiasi cha kukufanya ufikirie mara mbili kama safari ya chooni ni ya lazima. Mlinzi anayo tochi kubwa na hupenda kuamshwa.

Asubuhi ya Jumapili tulipelekwa deltani kwa mtumbwi wa injini, na kama mtu atakwenda kwa ajili ya hilo peke yake hatajuta. Matawi ya mto yanajigawa na kukutana tena, mafunjo yanasimama juu ya kichwa cha mtu, na tuliwaona mamba wawili, kundi la viboko ambalo nahodha alilizunguka kwa mbali sana, na wavuvi waliotupungia mikono huku wakituomba tupunguze mwendo ili wimbi lisiwavurugie nyavu. Kwenye mkondo mmoja nahodha alizima injini na tukasikia maji ya mto yakiingia ziwani, mazito na yenye tope, yakibaki na mpaka wake kwa umbali mrefu kabla ya kupotea ndani ya maji safi. Nilifikiria mrututu tena.

Tulirudi kwa njia ya ziwa hadi Ujiji, na hapa lawama yangu ni nzito kuliko zile za glasi na bei. Tulikuwa watu kumi na mmoja pamoja na nahodha na msaidizi wake, na majaketi ya kujiokolea yalikuwa tisa. Mwezi wa Julai upepo wa kusini huamka mapema katika Ziwa Tanganyika, na ingawa ulikuwa ukitusukuma kuelekea nyumbani, mawimbi yalikuwa yakitufikia mgongoni na mgeni mmoja alikuwa bado hajamaliza kulala usingizi wa mvinyo wa jana yake. Nahodha alikuwa hodari na hakunywa chochote siku zote mbili, hilo ninalishuhudia, lakini uhodari hauelei. Mradi unaowanywesha watu jioni na kuwapandisha chomboni asubuhi unapaswa kuwa na jaketi kwa kila mtu na mawili ya ziada.

Kuhusu kununua: hakuna chupa ya kubeba. Vinywaji vya nyumba hiyo bado havina alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) wala lebo inayotaja kiwango cha kilevi, Mama alisema maombi yameanza, na alikataa katakata kuniuzia hata nilipomwomba kwa lugha ambayo sikujivunia. Nilikasirika kidogo, kisha nikaona alikuwa sahihi. Nilichokwenda nacho ni haidromita yangu ya zamani, kifaa cha kupimia sukari katika kinywaji, niliyoitumia kupima mapipa mawili kwa idhini yake, na kwa kulinganisha na kipimo alichokiandika mwenyewe kwa kalamu kwenye pipa siku ya kuanza, nilikadiria kwamba ndizi ilikuwa kwenye asilimia 11 hivi. Msomaji anayekwenda ajue hilo, kwa kuwa kinywaji hicho kinapita kooni kama maji na hakikutangazi kinapofika magotini.

Je, shilingi 180,000 zinastahili? Kwa mtu anayekwenda kutafuta mvinyo wa zabibu, hapana, na ni afadhali apande treni ashuke Dodoma. Kwa mtu anayetaka kuonja mvinyo wa ndizi na wa asali uliotengenezwa kwa uvumilivu, mezani pamoja na samaki wa ziwa lilelile, zinastahili na zingestahili zaidi kama tangazo lingesema ukweli huo badala ya kuuficha nyuma ya mashina mia mbili ya Makutupora. Ningependa pia Mama aketi mezani wakati wa maelezo. Alizungumza dakika tano tu katika siku mbili mbele ya wageni wote, akiwa amesimama, na sinia likiwa mkononi.

Tulipokuwa tukiagana pale ufukweni, mzee alinivuta kando na kuniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza daktari habari za mgonjwa, kama akichimba mifereji na kupandisha matuta mizabibu itapona. Nilimjibu kwamba huenda itapungua majani, na kwamba kama ni lazima aendelee, abakize mistari miwili iliyo juu kabisa ya mwinuko na aing'oe ya chini iliyo karibu na mafunjo. Alikaa kimya. Mama, aliyekuwa nyuma yake na kikapu, alisema kwamba mahali pale pa chini pangefaa migomba.

Nimejiandikisha tena kwa wikendi ya pili ya Septemba, kabla mvua hazijaharibu barabara, na nimelipa nusu ya fedha. Kwenye nafasi ya maombi maalumu nimeandika glasi mbili na jaketi moja.